Uso Wangu Waliufanya Uji

Uso wangu waliufanya uji. Sina neno jingine. Pale pa macho na mdomo palikuwa na kitu cheupecheupe kinatikisika kama uji wa muhogo, na ndani ya uji ule sauti yangu inatoka safi, kila neno linasikika. Ukumbi wa Chake umejaa watu waliokuja kutazama filamu. Binti yangu, niliyempakata, akauliza kwa sauti kubwa:

"Mama, yule kafanya nini?"

Anajua kutoka kwenye taarifa ya habari kwamba wanaofichwa sura ni wezi.

Filamu yenyewe ilisema inaeleza jinsi muziki wa panki ulivyoanza katika mji wetu. Gitaa linakwaruza, ngoma inakimbia, mtu anapayuka badala ya kuimba. Mabibi zetu waliuita ngoma ya wazimu. Lakini ulianzaje hasa, filamu haikusema, kwa hiyo nitasema mimi.

Kulikuwa na wavulana wanne wa skuli yetu ya sekondari wasio na pa kupigia. Skuli waliwafukuza, mtaani waliwafukuza. Palipokuwa na spika za kukodi ni harusini tu, zilezile za maulidi, na ngoma ya harusi iko upande wa wanawake, ambako mwanamume haingii. Mimi ndiye niliyewaambia, "Kaeni nyuma ya pazia, mbele nitasimama mimi." Nikachukua shuka la kitandani kwangu, tukalitundika kwenye kamba. Wao nyuma, wanatoka jasho, wanapiga madumu na gitaa moja. Mimi mbele ya kina mama, napayuka wimbo nilioutunga jikoni kwetu:

"Chungu nimeosha! Nguo nimefua! Nini tena?"

Na wanawake wote, bibi harusi naye, wanajibu: "Nini tena!"

Tuliitwa Wete, tukaitwa Mkoani. Waliokuwa wakiita walisema, "Mleteni yule msichana na wenziwe wa nyuma ya shuka." Sura zao hakuna aliyezijua. Yangu ilijulikana hadi Gando.

Mmoja wa wale wanne, mpiga madumu, ndiye mume wangu leo.

Sasa waone kwenye filamu. Wamefuga ndevu, wameketishwa kwenye majamvi ya karafuu ambazo hawakuchuma hata kikonyo, wanaongea polepole kama mashehe. "Tulipambana." "Tulionekana wehu." Mume wangu ndiye aliyenichefua kuliko wote. Ati, "Tulikuwa gizani, hakuna aliyetuona." Gizani! Nyuma ya shuka langu la maua!

Kisha ikaja ile video ya simu ya harusini, mimi nikiwa uji. Video hiyo nilimpa mtengeneza filamu kwa mkono wangu, na nilichagua ile niliyojitanda mtandio vizuri, nikijua wanaume wataiona.

Mwanamke wa kiti cha pili akaniinamia. "Shoga, si wewe huyo?"

"Ndiye mimi."

"Umeiba nini?"

Safu nzima ikacheka. Hata mimi nilicheka, na ndilo linaloniuma.

Nje nikamkamata mtengeneza filamu, kijana wa Unguja mwenye adabu nyingi mno. "Nani kakwambia unifiche?"

"Shemeji, mume wako alisema umeridhia."

Mume wangu alikuwa pembeni yake, anachezea funguo za pikipiki. "Nimekustiri, mama. Wewe sasa mtu mzima, una mtoto."

"Na wewe huna mtoto? Mbona ndevu zako hazikustiriwa?"

"Usinipandishie sauti mbele za watu."

"Sauti yangu si mmeiweka humo? Nirudishieni uso. Hamtaki, toeni na sauti. Vitu viwili hivyo vinakwenda pamoja."

Kijana akamtazama mume wangu, si mimi. Mume wangu akatazama funguo. Filamu ilikuwa bado haijapelekwa Unguja, kwa hiyo muda wa kurekebisha ulikuwapo.

Wakarekebisha. Walitoa sauti. Ndiyo, kati ya uso wangu na sauti yangu, waliona rahisi kunifuta mzima. Wifi yangu wa Unguja aliyekwenda kuitazama akanipigia: "Hebu nieleze, wale wanawake wanamjibu nani? Madumu yanalia, midomo inakwenda, 'Nini tena! Nini tena!' Watu waliokaa karibu yangu walidhani spika mbovu."

Mume wangu alikaa siku kadhaa akinisifia mchuzi. Mchuzi wenyewe haukuwa na chumvi.

Baadaye ikatokea harusi ya hapa mtaani. Mama wa bibi harusi akaja kwangu, akataka ngoma ya wazimu kama zamani. Wale wanne wakafurahi, mume wangu akaanza kuzungumza habari za jukwaa, taa, na yule kijana kurudi na kamera yake.

"Ni upande wa wanawake," nikamwambia.

"Si tumeshajulikana sasa?"

"Harusini hamjulikani. Njooni, lakini nyuma ya pazia."

Shuka la maua limeshachakaa, linaonyesha. Nimenunua kitambaa kizito cheusi na nimekishona mwenyewe, mikunjo miwili. Binti yangu nitasimama naye mbele. Anataka kujua ataitikia wapi.