Chome wa Baya, Mtumishi wa Hadubini

Haya yote ni kweli tupu. Naapa kwa ubatizo wangu, naapa kwa macho yangu mawili, na kwa miaka ishirini na saba niliyokuwa karani wa duka la Msambweni lililopokea mfuko wa barua. Kanisa kubwa bado halijamtangaza Chome kuwa mtakatifu, lakini kanisa kubwa halikumfahamu. Sisi tulimfahamu.

Alizaliwa Taru mwaka 1924, mtoto wa pili wa mzee Baya, mfugaji. Siku hiyo mvua ilinyesha juu ya boma lao peke yake, na nyasi zikaota hadi juu ya paa kabla mkunga hajanawa mikono. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuuliza. Ng'ombe akifa, wenzake walikimbilia nyama. Yeye alikimbilia utumbo, akaupekua kwa kijiti kutafuta kilichoua. Alipofika miaka kumi alianza kukojoa damu, kama watoto wengi waliooga katika mabwawa ya kule. Wavulana wakubwa wakampongeza kwamba sasa amekuwa mwanamume. Chome hakufurahi. Aliwauliza, "Na Jemima dada yangu, anayekojoa damu kama mimi, naye amekuwa mwanamume?" Swali hilo akaishi nalo. Alisoma shule miaka minne tu, kisha ukame ukamaliza mifugo ya baba yake, na masomo yakaishia hapo.

Mwaka 1951 aliteremka Msambweni pamoja na Jemima, aliyempikia na kumfulia, akapata kazi ya kufagia katika kambi ndogo ya utafiti iliyokuwa nje ya mji. Miaka miwili baadaye akaja Daktari Pell, Mwingereza mwembamba aliyekuwa akitafuta shahada ya uzamivu kwa kuchunguza kichocho, ugonjwa ule ule wa kukojoa damu. Wito wa Chome ulimjia asubuhi moja, daktari alipotoka na kuiacha hadubini wazi. Chome aliinama, fagio mkononi, akaona yai moja la kidudu, limechongoka kama mbegu, lenye mwiba ncha moja. Alilitazama hadi chai ya kambi nzima ikapoa. Hatimaye akasema, "Kumbe ndiwe."

Tangu siku hiyo alitamani jambo moja tu duniani: asome mpaka awe naye ni mtu wa kuuliza swali kwa kalamu na kuliandikia jibu lake. Daktari alimfundisha kuhesabu mayai na kuyachora, naye alijifunza upesi. Siku moja ya mawingu kioo cha hadubini kilipasuka, na kazi ikaendelea kwa mwanga uliotoka usoni pake. Daktari akamwahidi, "Tasnifu yangu ikikubaliwa, nitakuombea nafasi ya masomo katika chuo changu. Barua itakuja." Ahadi hiyo Chome aliishika kama watu wengine wanavyoishika sala.

Jaribu lake la kwanza lilitoka Kinondo. Watu wa kule walipewa chupa watie haja ndogo, wakazirudisha zote zimejaa, safi, bila kulalamika. Daktari alipima siku tatu, asione yai hata moja. Akaanza kuandika kwamba Kinondo hakuna kichocho kabisa. Chome alimsihi asubiri, kwa maana aliona sisimizi wamezipanda chupa za Kinondo peke yake na kuziacha za kijiji cha Tiwi. Akaichukua moja, akainusa, akaipiga funda kubwa. Daktari alishika meza asianguke.

"Hili ni dafu, bwana," alisema Chome. "Tena dafu changa."

Hakukasirika. Kesho yake alipanda basi kwenda Kinondo, hadubini magotini, akamkuta Bi Mwanarusi, mama mtu mzima aliyesikilizwa na mtaa mzima.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuwashukuru kwa madafu."

"Marahaba, mwanangu. Yalikuwa matamu?"

"Matamu. Lakini daktari anataka kuandika kwamba nyote ni wazima, na dawa zitapelekwa kwingine."

Bi Mwanarusi aliacha kucheka. "Sikiliza. Mgeni anataka maji ya mwili wangu, ayatie chupani, abandike jina langu, aende nayo nisikokujua. Wewe ungempa? Mtu akiwa na kitu chako kama hicho, si amekwisha kukushika?"

Chome hakubishana naye. Aliomba chupa, akaenda nyuma ya ua, akarudi na haja yake mwenyewe. Akaibandika jina, Chome wa Baya, akaiweka mezani mbele ya watu wote. Akaipima pale pale, kisha akamkaribisha Bi Mwanarusi atazame.

"Yallah! Mwanangu, haya yako yana miiba!"

"Ndiyo, mama."

"Basi mgonjwa ndiwe, unatupima sisi?"

Watu waliangua kicheko, na kicheko hicho kilifungua mlango. Chome akaweka kanuni mbili. Kila mtu alete chupa yake baada ya sala ya adhuhuri, kwa sababu mchana ndipo mayai hutoka kwa wingi. Na kikishapimwa kidogo kinachohitajika, mwenyewe amwage kilichobaki kwa mkono wake, aoshe chupa, abandue jina lake aondoke nalo. Siku ile Kinondo ilileta chupa mia moja na kumi. Kwa njia hiyo tasnifu ya Daktari Pell ikapata uhai, na mwaka 1955 akapanda meli kwenda kwao, akimwachia Chome hadubini kuukuu, daftari, na ile ahadi.

Hapo ndipo alipoanza kungoja. Kila Ijumaa, siku ya mfuko wa barua, alikuja dukani amevaa shati lake jeupe, akasimama kando ya magunia ya mchele hadi nimalize kuzipanga. Hakuwahi kuniuliza. Alinitazama mikono tu. Nikifunga mfuko, alisema, "Haya, bwana Menza, wiki ijayo," akaenda zake kazini. Maana kazi hakuiacha. Alizunguka mabwawa yote toka Diani hadi Msambweni, akichora konokono wanaobeba vidudu. Bwawa moja karibu na Galu alilisimamia kwa sala siku tatu, na konokono wote wakatoka majini kwa mstari mmoja, wakahama. Sindano za dawa zilikuwa chache, naye kila zamu yake ilipofika alimpisha mtu mwingine, akisema yeye atadungwa huko huko chuoni. Jemima aligombana naye sana kwa ajili hiyo.

Mwaka 1958 kibofu chake kiliharibika kabisa. Akalala kitandani, akawa hawezi tena kuja dukani. Ijumaa alimtuma Jemima, na Jemima alirudi mikono mitupu. Hadi Ijumaa moja ya mwezi wa Novemba, barua ikafika. Haikuwa na mhuri wa mji wowote, na bahasha yake ilitoa harufu nzuri isiyojulikana hapa pwani. Ilisema chuo kimemkubali. Aliisoma mara mbili, akatabasamu, akaiweka kifuani. Akafariki Jumapili iliyofuata, tarehe 16, akiwa na miaka thelathini na minne.

Nilipokuwa nimeandika mpaka hapo, nilikwenda kumsomea Bi Jemima, ambaye sasa ni mzee na haoni vizuri, ili aniruhusu kuyasoma kanisani siku ya kumbukumbu. Alisikiliza akichambua mchicha. Kwenye konokono alininyooshea kidole.

"Hao konokono tuliwaokota sisi wanawake kwa nyungo, mgongo ukatuuma mwezi mzima. Walihama kwa mstari! Endelea."

Nikaendelea hadi barua. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne, akaniwekea mapajani.

"Isome, Menza."

"Naijua, dada."

"Najua unaijua. Mimi Kiingereza sikusoma, lakini Chome alinisomea yote. Nusu ya kwanza inamsalimu mama. Inauliza mvua za Taru zimekuwaje. Inauliza hali ya mbuzi na ya majirani. Tangu lini chuo cha Wazungu kikauliza hali ya mbuzi?"

Kiingereza changu nilijifunza mwenyewe kwenye magazeti ya kufungia sukari, lakini kuandika barua nilifundishwa na nyumba yetu, na kwetu huingii kwenye shida yako kabla hujamaliza watu kuwasalimu. Nilimwuliza kwa sauti ndogo kama Chome alijua.

"Alijua kwenye mstari wa pili. Aliniambia, 'Hii ni ya Menza. Usimwambie kitu. Ameniandikia vizuri kuliko wangeandika wao.' Halafu akaniuliza kama mfuko wa Ijumaa umekwisha kupangwa wote, au kuna barua zilizobaki."

Alichukua tena mchicha wake. "Sasa utalipa. Jumapili utaisoma hiyo barua mbele ya watu, yote, na utasema nani aliiandika."

Nimelipa. Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya kanisa, nikasema ni mimi, nikaisoma kwa Kiswahili. Nilingoja wanizomee. Lakini nilipofika pale barua inapouliza, "Hamjambo huko nyumbani?" watu, kwa mazoea tu, wakaitikia, "Hatujambo." Nikauliza mvua zimekuwaje. Mtu mmoja nyuma akasema, "Chache." Nikauliza hali ya mbuzi. "Wazima," wakasema. Salamu zote zikapata majibu, moja moja. Mwigeni Chome, ndugu zangu: wekeni chupa yenu mezani kabla ya kuomba ya mwenzenu, na endeleeni kulitamani lile mnalolitamani hata wiki ijayo. Hayo mawili hayana chumvi yangu.

Ulibaki mstari wa mwisho. "Nafasi yako ipo, bwana Chome, nasi tunakungoja. Utakuja lini?"

Bi Jemima, kwenye benchi la mbele, akainua uso wake kunielekea.

"Waambie alikuwa tayari amevaa shati lake jeupe," akasema.