Filtre yenye kunguruma

Mu duka moja ya Bunia, nilikuta mama mumoja wa mutaa wa Ngezi anachagua filtre, mashini ya kusafisha maji, ya samaki nyekundu, za kwanza mutoto wake kufuga. Muuzaji akazamisha ile kubwa mu ndoo, ikanguruma.

«Kamata hii, mama. Hizi samaki zinachafua maji mbio. Ile kadogo itaziua.»

«Hapana, papa. Makelele ya hii inafunika sauti ya miguu ya watu inje. Usiku nitasikia je kama wanakuja?»

«Mama, si vita imeisha, amani imerudia!» Muuzaji akacheka.

Mama akachomoa waya ya filtre. Duka ikanyamaza, na siye wote, muuzaji pamoja, tukatega masikio kwa mulango.

Alienda na ile kadogo. Kila Siku ya Mungu, mu kanisa, ninashukuru kwa amani. Bwana anisamehe: nilifika nyumbani, nikazima frigo yenye kunguruma.