Silinda ya Baba Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana alinipa ovaroli ya kiume iliyonipwaya, akanipeleka kwenye bloku la injini ya lori iliyofumuliwa, akaniambia niingize mkono ndani ya silinda.

"Pitisha kidole karibu na mdomo wake. Unasikia nini?"

"Ukingo mdogo, bosi."

"Basi hapo ringi hazifiki. Chini yake kote kumeliwa."

Nilirudi nyumbani Olasiti na grisi mpaka kwapani.

Ninyi mnaobadilisha injini nzima kama betri ya redio, nisikilizeni. Silinda ni tundu la duara ambamo pistoni hupanda na kushuka, na ringi zilizoizunguka pistoni huzuia moto usipenye chini. Mkono wa pistoni husukuma kwa mshazari, kwa hiyo silinda huliwa zaidi upande mmoja, na baada ya miaka duara huwa kama yai. Ukitia ringi mpya humo zitabana huku na kuachia kule. Dawa yake ni kuichonga silinda upya iwe duara, kisha kuvalisha pistoni kubwa zaidi.

Mwanamke kwenye mashine ya kuchongea nilikuwa peke yangu. Ukweni walijua tu kwamba nafanya kazi mjini, na hakuna aliyeuliza zaidi. Kwetu Umeruni mkamwana na baba mkwe huheshimiana kwa mbali. Hawapeani mkono, na mmoja akitaka kumpa mwenzake kitu hukiweka chini, naye akakiokota. Mbele yake nilikuwa sijawahi kupita bila kitenge.

Zikaja zama za ruksa. Wanunuzi binafsi walianza kupanda mlimani kutafuta kahawa, na baba mkwe akapania kuwahi bei. Katikati ya mavuno, injini ya mashine yake ya kumenyea ikaanza kutoa moshi na kuishiwa nguvu. Kahawa iliyochumwa haingoji, huchacha. Akaipakia injini kwenye pikapu, akaileta kwetu bila kujua nipo.

Alinikuta nimeinama, mkono ndani ya bloku, nimevaa suruali. Nilimwamkia nikitazama chini. Aliitikia akitazama ukuta. Jamani, niliona aibu nikatamani nizame humo humo kwenye bloku.

"Mwambie huyo binti aitazame," akamwambia Mkuu.

Nilipima, nikamjibu Mkuu, "Mwambie Mzee silinda imeliwa. Ichongwe."

"Mwambie nataka kuondoka nayo leo. Ikishindikana naenda kwingine."

Tulisimama hatua mbili mbali, na Mkuu katikati kama mkalimani wa mahakamani. Lakini magereji ya watu binafsi yalikuwa yanachipuka kila kona, sisi wa karakana ya umma kazi zinapungua, na Mkuu aliogopa kumpoteza mteja. Akasema, "Usijali, Mzee. Ringi mpya zinatosha. Jioni unaondoka nayo."

"Baba, usikubali!" Sauti ilinitoka kabla sijafikiri. "Itakufia mikononi!"

Mafundi wote waligeuka.  Baba mkwe aliwaashiria wapagazi wairudishe injini kwenye pikapu, akaondoka. Mume wangu nilipomweleza alishika kichwa. "Umemkemea Baba? Mbele ya watu?" 

Siku chache baadaye akaja mama mkwe, injini ikiwa nyuma yake kwenye toroli.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako amesema uichonge. Kahawa tunamenyea kwa jirani."

"Bado ana hasira?"

"Hasira ya nini? Yuko hapo nje. Nimemwambia aingie, amekataa. Anasema akiingia utaona haya, uharibu kazi."

Nilichungulia. Alikuwa amesimama nje ya lango, kofia mkononi, ameipa karakana kisogo. Nilichonga, nikapima, nikavalisha pistoni. Nilipomaliza jua lilikuwa limeshapinda na yeye hajageuka.

Karakana iliuzwa, nami nimestaafu. Watu huniuliza kama niliwahi kuona aibu kufanya kazi ya wanaume. Aibu yangu ni ya siku ile. Mzee wa umri ule alisimama juani mchana kutwa ili kunistahi, na mimi kwa siku zote zile nilikuwa nikimwambia mume wangu kwamba baba yake ananichukia.