Simu Iliyozunguka Shamba

Mimi nikiongea na simu husimama. Nilizoea hivyo zamani, wakati hapa Myamba mtandao ulipatikana juu ya jiwe moja tu, na ukisogea kidogo sauti inapotea. Mnara ulipojengwa, sikubadilika. Mdogo wangu wa kiume, anayefanya kazi mjini Same, alikuwa akinicheka: "Dada, unaongea na simu kama unapigwa picha ya kitambulisho!"

Yeye hutembea. Simu ikiita tu, anainuka. Atazunguka ua, atapiga kijiwe teke, atachuma jani asilolihitaji. Niliwahi kumuuliza kwa nini, akasema miguu inajiendea yenyewe, hata hajui. Nilimwamini. Huyu nimemlea mwenyewe. Wazazi walipofariki niliacha shule, nikiwa darasa la sita, nikashika jembe kwenye shamba walilotuachia. Tangawizi ya shamba hilo ndiyo iliyomsomesha.

Kwa hiyo Jumapili ile alipokuja kututembelea, akatoka na simu sikioni, akapita kwenye migomba na kuambaa na masale tuliyopanda mpakani, sikushangaa. Nilikuwa namenya ndizi na mdogo wetu wa mwisho, binti, naye akacheka.

"Anaongea na wifi huyo! Tazama anavyozunguka."

"Mwache azunguke, mwisho atamleta."

Alishuka hadi mferejini, akapandia upande wa pili. Kwenye makaburi ya baba na mama alipita mbali kidogo, akashusha sauti. Nilimpenda kwa hilo.

Wiki iliyofuata alirudi na mwanamume mwenye viatu vya mjini. "Shikamoo, mama," mgeni akaniamkia. Kisha, bila kuonyeshwa njia, akashuka moja kwa moja hadi kwenye kona ya mfereji, ambayo migomba inaificha. Akagusa masale.

"Mpaka unapinda hapa, kama ulivyoniambia."

Akaufuata wote, nami nyuma yake, nikiuona mzunguko wa Jumapili kwa mara ya pili. Makaburini alisimama.

"Haya hukunitajia."

Mdogo wangu alitazama chini. "Yatahamishwa."

"Na nani?" niliuliza.

Nikamwambia mgeni kwamba shamba haliuzwi, wala halitauzwa nikiwa hai, ila chai ipo akitaka. Hakuitaka. Wakaondoka pamoja.

Jioni simu iliita. "Dada, nisikilize. Nilifanya kwa ajili yetu sote. Nilitaka kukwambia."

"Lini? Baada ya kumaliza kuongea na wifi?"

Alianza kueleza. Nilisikia changarawe ikilia chini ya viatu vyake, akienda na kurudi. Nilipokata simu nilijikuta kwenye kona ya mfereji, kanga imelowa hadi magotini, na sijui nilifikaje. Kumbe kweli miguu hujiendea. Lakini yake, Jumapili ile, ilijua inakokwenda.

Nikapanda kurudi nyumbani kwa njia ya makaburini, nikipita karibu kabisa.