Sauti Iliyotoka Ukutani

Zamani Mama Pacha alikuwa akipokea wageni hotelini. Hoteli ilipouzwa na mmiliki mpya akaja na watu wake, alirudi nyumbani na vitu viwili: tabasamu lisilochuja hata akitukanwa, na ujuzi wa poka aliofundishwa na mpishi mkuu saa za mapumziko. Vitu hivyo viwili akavigeuza kazi. Alicheza poka mtandaoni huku akirusha mchezo wake laivu, watu wakimtazama na kumsikiliza anavyowaza kwa sauti.

Mchezaji wa poka hushika karata mbili ambazo wenzake hawazioni, na siri yote imo humo. Lakini mtazamaji naye atafurahia nini asipoziona? Ndiyo maana Mama Pacha alichelewesha matangazo kwa robo saa. Yaliyoonekana kwenye simu za watu yalikuwa yamekwisha kupita mezani. Mpinzani mwenye tamaa ya kuchungulia angekuta karata zilizotupwa kitambo. Katika jambo hilo hakutaka mchezo.

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa mpiga picha za harusi, na yeye ndiye aliyeshughulikia kamera, taa na kompyuta ya kurushia. Kuchelewesha huko kulimkera.

"Mtu anakuuliza swali, unamjibu ameshasahau alichouliza," alikuwa akilalamika. "Hii si laivu. Hii ni barua."

"Barua ina bahasha, baba," mkewe humjibu. "Bila bahasha kila mtu anasoma."

Chumba cha pili alikaa mama yake Mama Pacha, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi. Bibi hakuijua karata hata moja na wala hakuipenda kazi hiyo, ila aliitazama laivu kila siku ili amwone mwanawe, simu ikiwa imefunguliwa sauti mpaka mwisho. Mama Pacha alishazoea kusikia maneno yake mwenyewe yakipenya ukutani baada ya muda mrefu, kama umbea unaomhusu.

Jumamosi hiyo alikuwa kwenye mashindano makubwa kuliko yote aliyowahi kufika. Atakayebaki wa mwisho angepelekwa nchi nyingine, akacheze kwenye meza ya kweli na watu wa kweli. Mama Pacha hakuwahi kupanda ndege. Wanawe pacha walipelekwa kwa shangazi yao, Bibi alikwenda hospitali kumwona shoga yake, na nyumba ikawa kimya. Kufikia alasiri walikuwa wamebaki wachezaji wachache, na miongoni mwao mmoja aliyejiita Kinyozi.

Kinyozi alikuwa mtu wa papara, anaingilia kila dau. Mama Pacha akapata ree mbili, karata ambazo hakuna zinazozizidi. Akaweka dau dogo, la kumvuta. Kinyozi akatupa karata zake pale pale, kana kwamba zinaunguza.

Haya, hutokea. Baadaye kidogo Mama Pacha akajaribu kuwatisha wenzake akiwa hana kitu mkononi. Wote wakakimbia isipokuwa Kinyozi, aliyepandisha dau bila kusita. Mama Pacha akajiondoa, na Kinyozi akazifunua zake kwa kejeli: naye hakuwa na kitu.

"Huyu ananisoma," alisema kwenye maikrofoni, akicheka. Ndani hakucheka. Alianza kujitilia shaka mwenyewe. Pengine aliweka dau upesi mno, pengine alichoka. Sarafu zake za mezani zikaendelea kupungua. Kwenye kona, Baba Pacha aliinamia kompyuta yake huku akitabasamu, maana idadi ya watazamaji ilikuwa ikipanda kama maziwa yanayochemka.

Mlango wa nje ukalia. Bibi amerudi. Viatu, kikohozi, kitanda kikalalamika.

Mezani kulikuwa na kopa mbili, mkononi mwa Mama Pacha nyingine mbili, naye alikuwa akingoja ya tano ya kumpa ushindi, ambayo haikuja. Mkononi akabaki na takataka. Akapiga moyo konde akaweka dau kubwa, ili Kinyozi adhani imekuja. Kinyozi akasukuma mezani sarafu zake zote. Kwenye skrini, ufito mwekundu unaoonyesha muda wa kuamua ukaanza kufupika.

"Hapa nimekwama, jamani," Mama Pacha alisema.

Kabla hajameza hata mate, likaja jibu.

"Hapa nimekwama, jamani," ukuta ukasema.

Akagonga meza kwa pete yake, mara mbili. Ukutani kukagongwa mara mbili. Ile robo saa haikuwepo: kila alichoshika tangu mchana, Kinyozi alikuwa amekitazama pamoja naye.

Akataka kupiga kelele, lakini akakumbuka kwamba hata kelele hiyo ingemfikia Kinyozi papo hapo. Akaufunika mdomo wa maikrofoni kwa kiganja na kumgeukia mumewe.

"Umegusa nini?"

Tabasamu la Baba Pacha likayeyuka. "Kuchelewesha... nimepunguza tu."

"Umepunguza?"

"Nimeondoa."

"Funga."

"Mama Pacha, hatujawahi kupata watu wengi hivi, ngoja tu hiki ki—"

"Funga, au nang'oa nyaya na ukuta wake."

Ufito mwekundu ulikuwa umebaki kama ukucha. Kumtisha mtu anayeziona karata zako ni kazi bure. Akazitupa, na rundo zima la sarafu likamwendea Kinyozi. Nyuma yake, kidole cha Baba Pacha kikabonyeza. Picha ikazimika kwa watazamaji wote, na upande wa pili wa ukuta Bibi akasikika akiilaumu simu.

Kwenye meza ya mtandaoni kuna sehemu ya wachezaji kuandikiana. Haukupita muda, maneno yakatokea: "Mbona laivu imekatika, dada?" Ni Kinyozi.

Mama Pacha alilisoma swali hilo mara mbili. Akawaandikia wasimamizi wa mashindano. Jibu likaja la adabu na baridi: karata ambazo mchezaji amezionyesha hadharani kwa hiari yake, wao hawana la kufanya.

"Kwa hiari yangu," alisema taratibu. Baba Pacha alikuwa amesimama katikati ya chumba, hajui aweke wapi mikono.

"Toka kidogo," mkewe akamwambia. "Tafadhali."

Akabaki peke yake, bila watazamaji, bila maikrofoni, akicheza kama walivyocheza jikoni kwa mpishi. Sasa Kinyozi hakuwa na papara tena. Kila dau alilitafuna mpaka ufito uishe. Alimkimbia Mama Pacha akiwa na karata ndogo, akamwingilia akiwa na kubwa, na rundo lake likapungua. Mama Pacha alimngoja mpaka aliposhika malkia wawili. Akasukuma zote alizobakiwa nazo. Kinyozi akafikiri, akafikiri, akakubali kwa mfalme na saba. Karata tano za mezani zikafunguka moja moja, na Mama Pacha alitazama kila moja kama mtu anayefungua mlango asijue nani yuko nyuma yake. Mfalme hakutokea. Malkia wakashinda. Mzunguko uliofuata ukamaliza sarafu chache alizobaki nazo Kinyozi, akatoweka mezani bila kuaga.

Lakini ndege hakuipanda. Alimaliza wa pili, nyuma ya mchezaji mkimya ambaye hakuandika neno tangu asubuhi. Mama Pacha ndiye aliyekuwa na karata nzuri zaidi. Ile ya mwisho kufunguliwa mezani ikageuza mambo. Hapakuwa na mwizi hapo, ilikuwa bahati tu, na hilo alilimeza.

La mumewe ndilo lililomkaba. Alimkuta jikoni ameshika tama.

"Nilitaka uone watu wanavyokupenda ukiwajibu papo kwa papo," Baba Pacha akasema. "Nilidhani utafurahi."

"Umefungua pazia nikiwa bafuni, halafu unaniambia watazamaji wameongezeka."

Baba Pacha akasema kwa sauti ya chini, "Nimekosa. Ningekuuliza."

"Ungeniuliza ningekataa."

"Ndiyo sababu sikuuliza."

Angalau hilo lilikuwa kweli. Mama Pacha akavuta kiti, akaketi, ingawa si karibu naye. Walikaa hivyo mpaka Bibi alipoingia kutafuta maji, akawatazama mmoja mmoja, akatoka na birika lake bila kuuliza.

Jumatatu walirudi laivu, robo saa ikiwa mahali pake. Baba Pacha, ambaye hakuwahi kuonekana mbele ya kamera, akaketi kando ya mkewe na kuwaeleza watazamaji alichofanya, bila kujipamba. Wengine walimtukana, wengine wakacheka, wengi wakahama moja kwa moja. Mama Pacha akamwacha amalize. Kisha akamwomba amfundishe kuendesha ile kompyuta ya kurushia, hatua kwa hatua, naye akaanza kumwonyesha.