Mama alifuta sauti za marehemu baba kwa sababu "mzigo ulishafika": nilivyojifunza kuchagua backup ya nyumbani

Wakuu, habari za mchana.

Haya yamenitokea mwenyewe. Mama amekubali niyaweke hapa kwa sharti moja: nisimcheke. Nimejitahidi.

Naishi Buhongwa, Mwanza. Mama yuko Muleba, kwenye kibanja chetu cha ndizi na kahawa.

Baba alifariki mwaka jana. Alikuwa mwalimu mstaafu, na miezi yake ya mwisho alikuwa akijirekodi kwenye simu: majina ya mababu, mipaka ya kibanja, mti upi wa kahawa ulipandwa na nani, salamu kwa wajukuu. Sauti yake hatukuwa nayo mahali pengine popote. Simu hiyo sasa anaitumia mama, na kioo kina ufa kuanzia pembeni hadi katikati.

Baada ya matanga nikaona hatari. Simu ikidondoka kwenye ndoo ya maji, baba anaondoka tena.

Nikaanza kulinganisha huduma za kuhifadhi faili mtandaoni. Mimi ni mtu wa daftari, nikachora jedwali: ipi inalipiwa kwa simu, ipi haimalizi bando, ipi haitamlazimu mama kubonyeza chochote. Safu ya "faili likifutwa inakuwaje" sikuichora. Mlishike hilo.

Nikachagua ya sync. Kinachoingia kwenye folda ya simu ya mama kinatokea chenyewe kwenye laptop yangu. Nikaifunga kwenye simu yake, nikarudi Mwanza. Ndani ya siku mbili rekodi zote zilikuwa kwangu.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze kuhusu mama yangu.

Kila akipata mkungu mzuri anaupakia kwenye basi. Basi linavuka ziwa pale Busisi, mimi naupokea Buhongwa. Siku hiyo atapiga simu hata mara tano, na swali ni moja: "Mzigo umefika?" Ukishasema umefika, anakata. Hana habari nao tena.

Jumapili iliyofuata akapiga baada ya misa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba Koku. Zile sauti za baba yako, mzigo umefika?"

"Umefika wote, mama."

Akakata.

Jumatano mchana nikafungua laptop kazini nimsikilize baba kidogo. Folda ilikuwa tupu.

Nikampigia.

"Mama, rekodi za baba umezigusa?"

"Nimezifuta. Simu ilikuwa imejaa, kwaya wananitumia video haziingii. Si ulisema umefika?"

"Mama, ukifuta huko, na huku zinafutika."

"Acha utani wewe. Nikipakia ndizi kwenye basi zikafika kwako, mimi huku nabaki na nini? Mkungu wa pili?"

Nikafungua folda tena na tena, bado tupu. Naye akasikia ninavyobonyezabonyeza.

"Koku. Zimepotea?"

"Sijui, mama."

Akasema taratibu: "Waitu, jamani, nimemzika mara mbili."

Wakuu, neno hilo bado ninalo kifuani.

Nikaingia kwenye tovuti ya ile huduma, nikasoma maelezo ambayo nilipaswa kuyasoma mwanzoni. Kulikuwa na sehemu ya vilivyofutwa, na faili hukaa humo siku thelathini kabla ya kutoweka kabisa. Zetu zilikuwa na siku tatu. Nikarudisha moja moja.

Nikampigia mama, nikaweka simu karibu na spika ya laptop.

"Haloo, haloo," baba akasema. "Hiki kidude kinarekodi au kinanitazama tu?"

Na nyuma yake, kwa mbali, sauti ya mama mwenyewe: "Ongea basi mwalimu, chai inapoa!"

Mama alicheka. Halafu akalia. Nilimwacha alie, sikukata.

Nilichojifunza ni hiki: sync siyo backup. Sync ni kioo. Ukiondoka mbele yake, nacho hakina kitu. Kabla ya kulipia, uliza faili likifutwa linakaa siku ngapi, na jaribu kurejesha faili moja uone linarudi kweli.

Siku hizi natumia huduma ya backup ambayo kufuta kwenye simu hakugusi nakala iliyohifadhiwa. Nakala nyingine iko kwenye hard disk kwa kaka yangu kule Kisesa. Na simu ya mama nimeiongezea memori kadi: rekodi za baba zimerudi humo, na kwaya wana nafasi yao.

Ila kosa kubwa halikuwa la mama. Nilimfungia kitu kwenye simu yake, na sikumweleza kinafanya nini.

Wenye wazazi vijijini, ninyi mnawaelezaje mambo haya? Na mnatumia huduma gani? Nitasoma kila jibu.

Juzi kapiga tena kuulizia rekodi. "Koku, mzigo umefika?"

"Umefika, mama. Lakini huu na wewe baki nao."

"Ninao," akasema. "Namsikiliza hapa, namenya ndizi."