Majina Niliyoyaruka

Wiki iliyopita nilikuwa nahama nyumba hapa mtaani Kikuyu, nikaiangusha Biblia ya bibi. Ilifunguka ukurasa wa mwisho kabisa, na tiketi ya treni ikadondoka sakafuni. Zile za zamani, ndogo, za karatasi ngumu, zilizokuwa zikitobolewa na mkaguzi. Rafiki yangu, nilikaa chini palepale katikati ya maboksi nikalia. Wanangu walidhani nimeumia mguu.

Bibi alinilea kijijini Gulwe, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kumwagwa mnadani na sisi watoto tukajiona watu wa mjini kwa makoti yenye vifungo visivyofanana. Nyumba yetu ilikuwa karibu na reli. Asubuhi nilikwenda kuchota maji kwenye visima vya mchangani, kule mtoni, nikirudi nakuta bibi anasonga ugali wa uwele na mlenda unavutika chunguni. Ah, mlenda ule! Siku hizi naununua sokoni, karanga natia zilezile, mapishi yaleyale, lakini ladha siipati. Treni ikipita sufuria zilitetemeka kwenye kichanja, na bibi alinyamaza katikati ya sentensi mpaka behewa la mwisho lipite, kisha akaendelea palepale alipoishia.

Bibi alikuwa mtu wa kanisa haswa. Jirani yetu, mzee aliyepunguzwa kazi baada ya miaka mingi ya kutengeneza njia ya reli, hakuwa na dini. Si Mkristo, si Mwislamu, wala si mtu wa matambiko. Alisema waziwazi kwamba yeye hamwoni Mungu na hatajifanya anamwona. Wengine kijijini walimkwepa. Bibi alimkaribisha chakula. Bibi akiomba kabla ya kula, jirani alivua kofia, akanyamaza, akaitazama mikono yake. Nalijua hilo kwa sababu na mimi nilikuwa sijafumba macho. Tukienda kula kwake, bibi aliomba kimoyomoyo, macho wazi, midomo ikicheza kidogo tu, ili mwenyeji asijione mgeni nyumbani mwake. Hawakuwahi kupatana kufanya hivyo. Walistahiana tu.

Sasa, bibi alijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, na kabla hajaenda mbali macho yakaingia ukungu, yakamwacha. Alibaki na haja moja aliyoitaja kila siku: asomewe Biblia yote, neno kwa neno, mwanzo hadi mwisho, kabla hajafa. Msomaji nilikuwa mimi, tangu darasa la nne, kila jioni nikimaliza kuosha vyombo.

Na hapa acha nitubu kwako. Nilikuwa naruka. Zile orodha za majina, fulani akamzaa fulani, na vipimo vya hema, na koo, niliziruka zote, maana wenzangu walikuwa nje wakicheza rede na vicheko vyao nilivisikia. Mimi, niliyebatizwa, niliyekuwa nakariri amri kumi kwenye darasa la kipaimara, nilimdanganya bibi asiyeona kwa sauti nzuri ya kanisani. Kila nilipofunga kitabu alisema amina, na mimi huyo mbio uwanjani.

Nilipofaulu kwenda shule ya bweni, kwa hesabu yangu tulikuwa tumeshafika kwa manabii. Bibi aliuliza kanisani nani atamsomea nikiondoka. Watu walitazamana. Kila mmoja alikuwa na shamba lake na shughuli zake, na sikuwalaumu. Jioni ile jirani akaja na miwani yake iliyofungwa uzi, akasema atasoma yeye mpaka mwisho.

Katekista alipopata habari alifika asubuhi yake. Hakuwa mtu mbaya, tena alimpenda sana bibi, na aliogopa kweli. Alimwambia jirani mbele yetu, kwa upole, "Mzee wangu, mama huyu haoni, na wewe huko juu huna unayemwogopa. Kitakachokuzuia usiruke ni nini?"

Mimi nilitazama chini, masikio yakiwaka moto. Jirani akajibu, "Nimempa neno langu." Bibi akasema basi, imetosha, huyu atasoma. Kisha akamkaribisha katekista uji.

Likizo ya kwanza nilishuka stesheni nikatembea na sanduku langu mpaka nyumbani. Kabla sijaingia uani nilisikia sauti nzito ikisoma majina. Jina baada ya jina. Akikwama anarudi, analitamka upya polepole, haliachi. Walikuwa wameanza upya, tangu ukurasa wa kwanza. Nilimwamkia bibi shikamoo, akaitika marahaba, akanishika uso kwa viganja vyote viwili.

"Mjukuu wangu," akasema, "kitabu hiki kimeongezeka tangu uondoke."

Hakusema zaidi, siku ile wala siku nyingine. Jirani aliendelea kuangalia ukurasa wake kama hakusikia kitu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Walisoma hivyo karibu miaka miwili, wakitafuna karanga. Jirani alikuwa na maswali yake, kwa nini huyu kauawa, yule kakosa nini, na mara nyingine bibi alikiri kwamba hata yeye hapo hapaelewi. Kila jioni bibi alimwombea kwa sauti, naye alimshukuru kwa moyo mmoja. Bibi hakuacha kutamani abatizwe. Jirani hakubatizwa.

Bibi alifariki zikiwa zimebaki sura chache tu. Nilipewa ruhusa nikaja kumzika. Matanga yalipokwisha na watu kutawanyika, nilikuwa nafagia ua, jirani akaja saa yake ileile. Alivua kofia, akaketi kwenye kigoda chake, akakitazama kile cha bibi kilichokuwa kitupu, akafungua Biblia pale alipoweka tiketi yake. Akasoma kwa sauti hadi neno la mwisho. Treni ilipopita alinyamaza, ikaisha, akaendelea palepale.

Nilishindwa kujizuia. "Babu, wewe si husema mtu akifa hasikii?"

"Hasikii."

"Sasa unamsomea nani?"

Aliweka tiketi kwenye ukurasa wa mwisho, akafunga, akanikabidhi. "Nilisema nitamaliza," akasema, akavaa kofia yake akaenda.

Naye ameshatangulia zamani. Nyumba zote mbili zimeanguka, uani kumeota majani. Ofisini kwetu vijana hubishana wakati wa chai kama mtu asiye na Mungu anaweza kuwa mwema, na mimi, ninayeamini mpaka leo na kusali kila siku, humaliza chai yangu nikarudi kazini. Natamani siku moja tu ya uani pale, nimsikie bibi akisema amina ambayo sikumwibia.

Tiketi nimeirudisha kwenye Biblia, ukurasa wa kwanza. Leo asubuhi nimefika kwenye majina. Nayasoma yote, kwa sauti.